Onyo la trafiki nalo liingie kwenye mashine

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako na mimi nitoe la moyoni kuhusu hawa ndugu zetu trafiki, na naomba kabisa watu wasinielewe vibaya, sijaja kulalamikia rushwa, ya rushwa yameshasemwa mpaka yamechosha. Leo nataka kumuongelea trafiki ambaye hajala hata mia ya mtu na bado kamuonea mtu.

Mi ni dereva wa kirikuu, kale kapikapu kadogo ka mizigo, nabeba mboga na matunda toka sokoni Mabibo na Ilala nasambaza kwa wateja, kwa hiyo barabara ndo ofisi yangu na hawa maafande nakutana nao kuliko ninavyokutana na ndugu zangu.

Juzi kati nilikuwa kwa fundi pancha, tairi ya nyuma imekula msumari, na fundi alikuwa na foleni ya bodaboda basi nikakaa kwenye benchi naangalia tu barabara. Hapo mbele maafande wawili wamesimama wanakagua magari, mmoja ana ile mashine ya kuandikia faini. Ikaja Passo, ndani mzee wa makamo amevaa baraghashia. Afande akazunguka nyuma akamwambia kanyaga breki mzee, taa ya kushoto haiwaki. Akarudi dirishani akainama kabisa, "Shikamoo mzee, taa yako ya kushoto huku nyuma imekufa, pitia dukani ubadilishe leo leo usije ukagongwa." Mzee akaitika marahaba mwanangu, Mungu akubariki, akaondoka zake. Hakuna hela iliyotoka pale, niliangalia vizuri. Nikasema moyoni huyu afande ni mtu na nusu.

Haikupita muda ikaja kirikuu kama yangu, dogo tu wa miaka ishirini na kitu, nyuma kajaza kreti za soda. Taa ya breki, ya kushoto, yaani kosa lile lile pacha. Dogo anajitetea "afande imekufa sasa hivi, glopu ninayo hii hapa" na kweli kaitoa kwenye dashibodi kaishika mkononi. Afande hata usoni hakumtazama. "Leseni." Mashine ikalia, karatasi ikatoka, elfu thelathini. Dogo kaondoka na karatasi mkono mmoja na glopu mkono mwingine, na taa bado imekufa vile vile.

Nikamuuliza fundi pancha hivi umeona nilichoona? Akacheka akasema yule mzee kafanana na baba yake. Ndo majibu yake hayo, akaendelea kukwangua mpira.

Sasa mhariri mi hapo ndo ninapopataka. Simlaumu afande kumsamehe mzee, alifanya vizuri kabisa na Mungu amlipe, ninachouliza ni kwamba kama taa ya breki inasameheka kwa nini isisameheke kwa wote, na kama haisameheki mzee alipitaje? Katiba yetu ibara ya 13 imeandika wazi watu wote ni sawa mbele ya sheria, haijaandika sawa kasoro wenye baraghashia, au kasoro wenye Harrier, au kasoro yule anayejua kuongea vizuri na kutaja jina la mkubwa fulani. Na ukikaa barabarani unajua kabisa onyo linaendaga kwa nani. Dada mzuri anaonywa. Mtu mzima anaonywa. Mwenye gari kali lenye stika ya ofisi fulani kwenye kioo anaonywa tena kwa kupigiwa saluti. Kirikuu, daladala, bodaboda na Noah ya shamba, hao wanaandikwa. Sisemi kila afande yuko hivyo, wapo wanaonisamehe hata mimi, tena kuna mmoja mdada wa njia ya Tabata akiniona anacheka anasema mzee wa nyanya pita, na mimi napita nafurahi. Lakini kufurahi kwangu ndo kilio cha mwenzangu wa nyuma ambaye hajazoeleka.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1973, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Utaratibu ni kwamba afande anakuandikia faini ya papo kwa hapo kama umekubali kosa, ukikataa una haki ya kwenda mahakamani ukasikilizwe. Kwenye karatasi imekaa vizuri sana. Ila nani anaenda mahakamani kubishana na glopu? Mimi nikipoteza siku moja kwenda kukaa kwenye benchi la mahakama nyanya zinaoza, hesabu ya tajiri mwenye gari inanisubiri pale pale, kwa hiyo nakubali hata nisichokubali na nalipa ili niwahi. Matokeo yake uamuzi wa afande pale barabarani unakuwa umeisha, hakuna wa kuupitia, yeye ndo mpelelezi yeye ndo hakimu. Na kama hakuna anayepitia uamuzi wake basi kitu pekee kinachomlinda dereva ni roho ya huyo afande ameamka nayo vipi.

Halafu kuna hili la bei moja. Taa ya namba ikiungua elfu thelathini. Ukiovateki kwenye kona ya mlima Kitonga kule Iringa lori limepanda mbele yako, ukaandikiwa pale pale, elfu thelathini. Jamani! Huyu wa kwanza kasahau kitu cha buku mbili dukani kwa spea, huyu wa pili alikuwa anaenda kuua watu sitini wa kwenye basi, halafu wote karatasi moja bei moja. Ukiwapa binadamu bei moja kwa makosa yote lazima waende kwenye kosa rahisi, maana la taa limekaa pale limesimama halikimbii, la Kitonga mpaka ulifukuzie. Ndo maana kwenye ukaguzi wa barabarani utasikia mtungi wa zimamoto uko wapi, triangle iko wapi, waipa hebu washa, na huku nyuma ya mgongo wa afande bodaboda wanne wanapita upande usio wao na hakuna anayegeuka.

Na isisemwe kwamba bei haibadiliki. Mwaka 2021 kwenye bajeti Waziri wa Fedha wa wakati huo Mwigulu Nchemba alipendekeza faini ya bodaboda na bajaji ishushwe kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, na sababu ilikuwa wazi tu, kwamba kosa la mtu wa pikipiki kulipiwa sawa na la gari ni kumuumiza. Sasa kama serikali yenyewe ilishaona uzito wa chombo sio sawa, inashindwa nini kuona uzito wa kosa nao sio sawa? Nakumbuka pia mwaka 2017 walipofuta ile rodi laisensi, ada ya gari ya kila mwaka, wakaihamishia kwenye mafuta, mbona sisi madereva tulipumua, ule wimbo wa kusimamishwa "hebu rodi laisensi" ukafa siku moja. Kwa hiyo mambo yakitakiwa kubadilika yanabadilika.

Nije kwenye tochi, kile kifaa cha kupimia mwendo, maana nisipoiongelea wenzangu watanishangaa. Kwenye maeneo ya makazi mwendo ni 50, sawa, watoto wanavuka, sibishani na hilo na mwenye akili habishani nalo. Ila toka Chalinze mpaka Segera hebu hesabu vibao. Unakuta kibao cha 50 cha kuanza kipo kinang'aa, cha kumaliza kimeng'olewa, wauza chuma chakavu wameshakipima kilo, kwa hiyo we dereva mgeni hujui makazi yameisha wapi, nyumba hakuna, mbuzi hakuna, mtu hakuna, mapori tu kushoto kulia, na chini ya mwembe yupo kijana na tochi. Ukisimamishwa unaonyeshwa picha, namba yako hiyo na mwendo wako huo 58. Hapo utasema nini? Kuna afande anakwambia kaka punguza mwendo pita, kuna mwingine kwa 52 anakuandika. Yaani hizo kilomita mbili mbili za juu hakuna anayejua msamaha unaishia wapi, kila afande ana yake kichwani. Mi naona wangetangaza tu, mpaka hapa ni onyo, kuanzia hapa ni faini, basi. Na kama kibao cha kumaliza hakipo, hapo pasipigwe tochi mpaka TANROADS wenye barabara kuu warudishe kibao, maana sasa hivi kibao kikipotea anayeadhibiwa ni dereva peke yake.

Ndo maana madereva tunawashiana taa. Ukikutana na basi linakuwakia taa halafu dereva anakuonyesha kiganja chini ujue kuna tochi mbele. Wakubwa wanalaani tabia hiyo na kweli inaweza kumsaidia mtu mbaya, lakini wajiulize imekuwaje madereva wasiojuana, wengine hata lugha ya makwao haifanani, wakaungana wote dhidi ya mtu aliyewekwa pale kulinda maisha yao. Watu hawaungani hivyo dhidi ya kitu wanachokiona cha haki.

Na V8 za wakubwa sasa. Ambulansi na zimamoto sina neno nazo, msafara wenye king'ora sawa. Naongelea ile yenye namba za serikali, STL au STK, moja, peke yake, haina king'ora wala msafara, imewasha hazadi tu inapita kwenye 50 kama upepo, au inachomoka kwenye foleni ya Kimara inaingia njia ya mwendokasi. Tochi inaiona ile? Inaiona vizuri sana. Ila kijana aliyeshika tochi ana familia na ana bosi, hawezi kusimamisha kitu ambacho hajui ndani kakaa nani. Mi hata simlaumu. Kumwambia konstebo awe jasiri peke yake ni kumtafutia uhamisho.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo tu. Ile mashine inayotoa faini itoe na onyo. Afande akikuta taa imekufa, waipa haifanyi kazi, mtungi umepitwa na muda, aandike onyo kwa namba ya gari, bure, upewe siku kadhaa ukatengeneze na ukaonyeshe kituo chochote cha polisi. Usipoonyesha, mashine yenyewe ibadilishe onyo liwe faini. Ukikamatwa na kosa lile lile tena, faini moja kwa moja hakuna shikamoo. Hapo yule mzee wa Passo ataonywa na dogo wa soda ataonywa na wote wawili watabadilisha taa, si ndo tulichokuwa tunataka? Maana kwa sasa ukishaandikiwa ile karatasi inageuka tiketi, mbele ukisimamishwa unaionyesha unapita, na unafika Morogoro usiku huna taa.

Na faida nyingine ya onyo kuandikwa ni kwamba litahesabika. Mwisho wa mwezi RTO, mkuu wa trafiki wa mkoa, atafungua aone afande fulani kaonya gari ngapi na kaandika gari ngapi, na aina gani. Akikuta maonyo yote yameenda kwa Harrier na faini zote kwa kirikuu atauliza. Leo hawezi kuuliza kwa sababu msamaha unatolewa kwa mdomo na mdomo hauachi risiti.

Najua kuna watakaosema dereva kazi yake ni kuweka gari sawa tu, ukiweka sawa hutaandikwa. Ndugu zangu, glopu haipigi simu kabla ya kufa. Na kuna watakaosema tukilegeza ajali zitaongezeka. Mi sijasema tulegeze, nimesema nguvu zihame. Mlevi, anayeovateki mlimani, basi linalokimbia zaidi ya 80, lori bovu linaloshuka mteremko wa Inyala kule Mbeya halina breki, hao wakazwe mpaka walie, na hizo elfu thelathini kwao naona ni hela ya peremende. Maafande waliokuwa wanapoteza asubuhi nzima kuulizia triangle waende huko.

Pia namuonea huruma trafiki mwenyewe, lisemwe na hili. Anasimama kwenye mataa pale Buguruni toka alfajiri, moshi wa malori wote wake, jua lake, matusi ya madereva yake, na mchana kala mihogo. Mtu wa hivyo ukimwachia kila kitu aamue kwa kichwa chake, nani wa kusamehe na nani wa kuandika, unamtwisha mzigo ambao hata jaji hatwishwi, maana jaji ana kitabu na ana mawakili wawili mbele yake.

Mwisho mhariri naomba waandishi wenu wamtafute mkuu wa kikosi cha usalama barabarani wamuulize maswali mawili tu watuchapishie majibu. La kwanza, kwenye ile mashine kuna sehemu ya kuandika onyo au hakuna? La pili, kama ipo, mbona sisi wa kirikuu hatujawahi kuiona ikibonyezwa?

Dereva wa kirikuu,
Tabata, Dar es Salaam