Barua kwa wazazi wetu wa Atlanta: Disney muende, lakini mlipe kabla hamjatoka nyumbani

Wanangu wa Marietta, Kennesaw, Lawrenceville na kwengineko, assalaam alaykum kwa wenye salamu hio na hamjambo kwa wote.

Jumamosi pale kwenye akika nilikuwa nimekaa kwenye kona na chai yangu mkadhani sisikii, kumbe nasikia meza nzima mnapanga kuwapeleka watoto Disney, zile park za michezo kule Orlando, Florida, mwezi wa saba na kila mmoja swali lake ni kadi gani ina limiti kubwa. Nikanyamaza, si mahali pake, lakini usiku usingizi haukuja vizuri, ndio nawaandikia.

Sisemi msiende. Mie mwenyewe nimekwenda mara mbili. Ya kwanza 2004, miaka mitano tangu nitoke Mombasa, nikajiambia watoto wangu wasiwe ndio pekee darasani hawajaenda, nikapiga kila kitu kwenye kadi ya mkopo, ndege, hoteli, tiketi, mpaka yale masikio ya panya ya kuvaa kichwani. Siku nne. Deni likanikalia miaka mitatu manake nilikuwa nalipa kile kima cha chini tu na riba inakula juu kwa juu, na siku hizi kadi nyingi riba imepita asilimia 20 kwa hivyo nyinyi itawakalia zaidi. Kijana wangu alishaacha kutaka hata kusikia jina la Mickey na mie bado namlipia Mickey.

Ya pili ilikuwa 2009 na pesa taslimu, tulizoweka miezi 15. Hio ndio nataka kuwaeleza.

Kwanza jueni bei nzima, sio bei ya tiketi. Tiketi zao zinapanda na kushuka kulingana na tarehe, siku moja mtu mzima haiko chini ya dola 100 siku yoyote, na wiki ya Krismasi pale Magic Kingdom, moja ya park zao, ni kama 200 hivi. Mtoto hajafika miaka 3 anaingia bure. Wa 3 mpaka 9 ana bei yake ambayo imepungua kidogo sana, msijidanganye, na akifika 10 wao wanamhesabu mtu mzima hata kama bado analala na mdoli. Kwa hivyo kama una mmoja wa miaka 2 na mwengine wa 9, mwaka wako ni huu, usingoje. Lakini umri usidanganye! Kuna mama nilisimama nyuma yake mlangoni amemfundisha mwanawe aseme ana miaka 2, mtoto akaulizwa, akasema kwa sauti ya muadhini, “Mimi nina miaka minne na nimeshavua nepi!” Nilimhurumia yule dada.

Ukinunua siku nyingi pamoja kila siku inakuwa rahisi kuliko kununua moja moja. Ile tiketi ya kuruka park mbili siku moja achaneni nayo, na watoto wadogo mtachoka kabla hamjamaliza hio moja. Na ile njia ya mkato ya foleni zamani ilikuwa bure, tangu 2021 ni pesa, sasa nyinyi amkeni mapema muwe mlangoni kabla haujafunguliwa, saa mbili za mwanzo ndio dhahabu. Mwenye mtoto mchanga aulize ile huduma ya kupokezana, baba anapanda mama anabaki na mtoto, alafu mama anapanda bila kurudi mwisho wa foleni. Hio ni bure na wengi hawaijui.

Mwezi wa saba wanangu ni joto, ni watu, na ni bei. Shule zetu hapa Georgia zinafunguliwa mwanzo wa Agosti na nyingi huwapa watoto mapumziko Septemba mwisho au Oktoba, na wakati huo wenzao wa majimbo mengine wako darasani. Ndio tulipokwenda sisi. Ni msimu wa vimbunga kweli, unaisha 30 Novemba, kwa hivyo nyumba mtakayokodi hakikisheni wanarudisha pesa mkighairi.

Sasa pesa inatoka wapi. Wengi wenu mko mahospitali na kwenye maghala, mnalipwa kila wiki mbili. Hesabuni vizuri, hio ni cheki 26 kwa mwaka, na bajeti yenu mmeipanga kwa cheki 2 kwa mwezi yaani 24. Kuna miezi miwili kila mwaka inakuja na cheki ya tatu, ambayo haina kodi ya nyumba wala bili inayoingoja, na mie nawaona inavyoyeyuka. Fungueni kalenda leo muizungushie duara. Mimi ile ya tatu nilikuwa siioni hata, inapitiliza kwenye akaunti nyengine ambayo kadi yake niliikata kwa mkasi. Ovataimu sikuipangia safari, mtu hupangia ovataimu alafu mgongo unakataa.

Alafu rifandi, zile pesa za kodi ambazo serikali inakurudishia. Wenye watoto, wengi wenu mnapata kitu cha maana, na kama mnachukua ile nafuu ya wafanyakazi wa kipato kidogo serikali haiachilii mpaka katikati ya Februari, kwa hivyo msiende kwa wale wajaza fomu za kodi wa “chukua leo” wanaokukata ada ili ungojee wiki mbili pungufu. Ikiingia, igaweni siku hio hio kabla haijapoa, deni kwanza, safari baadaye.

Nije kwenye linalouma. Mchango. Kwetu sisi kila wiki kuna harusi, matanga, mtu amelazwa, wosap inalia. Mie sikuacha kutuma nyumbani na siwaambii muache, ada ya mdogo wako haiwezi kukatwa ili mwanao akapande treni ya kuchezea, hapana. Nilichofanya niliweka kiasi cha kila mwezi, kikiisha nasema mwezi ujao inshaallah, na nikawaambia ukweli nyumbani kwamba tunawekea watoto safari. Dada yangu alinuna kama wiki mbili hivi. Basi. Kununa kwake kulikuwa rahisi kuliko riba. Ila picha msizirushe zote arubaini siku hio hio, mnajua wenyewe simu zitakazofuata.

Chama je? Kuna aliyesema mfanye meri-go-raundi, familia 6 dola 100 kila mwezi, wa zamu anachukua 600. Ni vizuri kwa kununua friji. Kwa safari ya tarehe moja haifai, wa kwanza atakuwa ameshazila na wa mwisho anazingoja. Na mie 2007 mshika pesa wetu alihama jimbo na kibubu chetu, simtaji, ana watoto. Wekeni kila mtu kwenye akaunti yake, mkutane mara moja kwa mwezi kila mmoja aonyeshe salio lake kwa simu, aibu itafanya kazi yake. Pamoja mnunue kinachogawika. Nyumba moja Kissimmee, mji wa jirani na Disney, yenye jiko na vyumba vingi, familia tatu zinaingia. Gari moja kubwa, manake kuegesha tu pale ni si chini ya dola 30 kwa siku. Ndege ya nini, ni maili 440 hivi, barabara ya I-75 mpaka Wildwood mnashika Turnpike, barabara ya kulipia ya Florida, na ile Peach Pass yetu ya kulipia barabara hapa Georgia inafanya kazi kule.

Mkifika Kissimmee mtaitwa barabarani mpewe tiketi za bure mkisikiliza tu dakika 90 habari za nyumba ya likizo wanayotaka kuwauzia. Sisi 2004 tuliitika. Tulikaa saa nne na mume wangu alikuwa ameshashika kalamu. Piteni.

Chakula wanaruhusu kuingia nacho, ilimradi si chupa za gilasi wala pombe, na kwenye kisanduku wekeni vipakiti vya barafu vya kugandisha, barafu ya vipande hawataki. Mie niliingia na mahamri, kababu na mayai ya kuchemsha, na halali yangu naijua. Maji ya barafu wanakupa bure kwenye vibanda vinavyouza soda, omba tu bila haya.

Watoto waambieni bei. Sisi tuliibandika kwenye friji na kila mwezi wanapaka rangi mpaka pale akiba ilipofika, na binti yangu wa miaka 7 akawa askari wa taa, ukitoka chumbani hujazima anakufuata.

Na pale Animal Kingdom, park yao ya wanyama, wana mji wao wameuita Harambe, na “e” moja wameila, umejengwa kama wa pwani yetu, kuta zilizobambuka na milango kama ya Lamu kwa mama yangu. Nilisimama pale mwanangu akaniuliza kama ndio nyumbani, nikamwambia nyumbani hakuna foleni ya kuingia. Tulicheka, alafu nikalia kidogo nyuma ya miwani, na siku hio hakuna mtu niliyekuwa namdai wala anayenidai.

Daftari langu la 2009 ninalo bado, kila senti imeandikwa. Anayelitaka aje Jumapili baada ya adhuhuri, lakini alirudishe.

Shangazi yenu,
Marietta