Pesa za shule zifike kabla ya kengele

Mhariri,

Serikali ya Kenya iliahidi kumlipia kila mwanafunzi wa sekondari ya umma Sh22,244 kwa mwaka, zigawanywe 50:30:20 kwa mihula mitatu. Hiyo ni kwenye karatasi. Shule hufunguliwa huku akaunti zake zikiwa kavu, mwalimu mkuu akakopa chaki na mahindi kwa wafanyabiashara ambao nao wamechoka kudai. Kisha wazazi wanatozwa malipo ya ziada ya kuwapa walimu "motisha", na mwanafunzi asiye nayo hurudishwa nyumbani, ilhali Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi (sekondari ikiwemo) ya bure na ya lazima. (Watoto wa wanaopanga bajeti wangekuwa katika shule hizi, sijui kama pesa zingechelewa.) Wabunge waitake Hazina ya Kitaifa itume mgao wiki mbili kabla ya muhula.

Mzazi,
Kakamega