Kapu la mboga za baridi

Mbale, Julai 14

Salaam aleikum dada yangu,

Habari za Massachusetts, na jua la huko mmelipata? Huku kwetu mvua haitoki mjini, milima ya Wanale yote imefunikwa na ukungu tangu Jumapili, na mimi nakuandikia nimejitanda leso mbili, chai ya tangawizi iko hapa pembeni. Nilitaka kukuandikia mapema lakini mapacha walikuwa na kikohozi, sasa wamepoa alhamdulillah.

Nakuandikia habari ya kapu. Unakumbuka Januari uliponiambia theluji imefika magotini na kila baada ya wiki mbili unaenda kuchukua fungu lako la shambani, karoti, bitiruti, kabichi, maboga na ile mizizi myeupe ambayo hukujua hata inapikwaje? Nilishangaa sana, nikajiuliza watu wanakulaje mboga za shamba na ardhi yenyewe imekuwa jiwe. Ukanieleza kwamba vitu vya mizizi vinavunwa kabla udongo haujaganda vinawekwa stoo chini ya ardhi, na sukuma inaachwa nje ipigwe na baridi kali ndo inakuwa tamu, kwa sababu mmea unajitengenezea sukari ili usigande. Halafu ukasema hapo hapo jimboni kwenu kulikuwa na moja ya yale mashamba mawili yaliyoanza huo mtindo Marekani mwaka 1986, watu wanamlipa mkulima kabla hajapanda. Hilo neno likanikaa kichwani dada, kabla hajapanda.

Kwa sababu ukimuuliza mkulima yeyote wa huku shida yake ni nini atakwambia hela inakuja wakati haitakiwi na inakosekana wakati inatakiwa. Yule mama wa Budadiri aliyekuwa akiniletea vitunguu nyumbani, kila msimu anakopa mwezi wa tatu, halafu kabichi zikikomaa mchuuzi anakuja na fuso hadi shambani anataja bei yake, na mama anakubali tu ju deni linamngoja. Basi nikapanda taksi nikamfuata hadi kwake, ni juu kidogo ya pale wageni wanapoanzia kupanda mlima Elgon kwenda kilele cha Wagagai, nikamwambia mama mimi nitakutafutia watu wakulipe sasa hivi, wewe utulipe kwa mboga. Alinitazama muda mrefu, akaniuliza, na mvua ikizibeba? Nikamjibu ikizibeba imetubebea sote.

Tukapatikana familia 11. Jirani wawili walikataa, wakasema pesa ya mtu hailipwi kwa kitu ambacho hakijaota, na siwalaumu. Kila familia 240,000 kwa wiki 12, yaani 20,000 kwa wiki, na kwa hiyo hela mama alinunua mbegu, akaleta samadi ya ng'ombe na akalipa vibarua bila kukopa hata shilingi. Sharti letu lilikuwa moja tu, hakuna kupulizia dawa za dukani. Hana cheti, hana ile alama ya Kilimohai ya mazao yasiyotiwa kemikali, lakini tulienda wenyewe mara mbili tukatembea kwenye matuta, tukamwona anavyochanganya majivu na pilipili kwa ajili ya wadudu, na lile rundo la mboji nyuma ya nyumba linafuka moshi asubuhi kama chungu kiko motoni.

Wiki za kwanza za Juni zilikuwa majani matupu, sukuma, dodo yaani mchicha, spinachi, na majani ya nakati kidogo. Nyanya hakuna. Hapo watu walinuna, nyumba gani Uganda inapika bila nyanya? Mama akasema msimu wa mvua kama huu nyanya bila dawa inaoza ukungu ingali mbichi, ndo maana zile za sokoni zinakujaga na unga mweupe juu, mwangalie wenyewe. Tukaenda kuangalia na kweli uko. Sasa nyumbani kwangu tunapika na kitunguu kingi, liki, yale majani ya jamii ya kitunguu, na karanga za kusaga, na niamini dada, sosi haijapungukiwa kitu, tena Ssalongo, baba mapacha, sasa ndo anaulizia liki.

Bitiruti zilivyokuja wiki ya 4 ndo nilikukumbuka zaidi. Nilikuwa nazijua kwenye juisi tu. Mama akanionya nisitupe majani, basi majani nikayakatakata nikayapika kama dodo, kitunguu, chumvi, karanga mwishoni, nayo yana utamu fulani wa udongo ambao dodo haina. Vichwa vyenyewe nilivichemsha na maganda, saa nzima, ganda linatoka lenyewe ukilisukuma na kidole gumba, nikavikata vipande nikaweka ndimu na pilipili kidogo. Mapacha walikula hadi midomo ikawa myekundu, na asubuhi mkojo wa mmoja ukatoka mwekundu, nikaingiwa na hofu hadi muuguzi wa mtaani kwetu aliponiambia ni rangi ya bitiruti tu, wako watoto hivyo. Ukiwapikia wa kwako usije ukashtuka.

Na juzi, wiki ya 6, karoti. Banange! Fupi fupi, zingine zimepinda zimesokotana kama vidole vya watu wanaoshikana mikono, udongo mweusi bado umezishika, na harufu ikajaa boda nzima njiani. Nilitoa moja nikaifuta kwenye leso nikaitafuna pale pale stejini. Juu kule usiku kuna baridi hasa, na kila nikitafuna nakumbuka maneno yako ya sukuma na sukari. Kabichi nayo ilikuja moja kubwa, nikaikaanga na hizo karoti kwa moto mkali isilegee, tukala na posho, yaani ugali, mvua inapiga mabati. Mimi huu msimu nilikuwa siupendi dada, unajua, tangu ile Julai 2022 mto Nabuyonga ulipofurika ukaingia hadi majumbani mvua ya usiku inanikosesha usingizi. Bado inanikosesha, lakini saa hii nikiisikia nafikiria pia lile tuta la liki liko upande gani wa mteremko.

Maana ile wiki ya 5 mvua ilibeba kweli. Tuta zima la saladi na nusu ya koliflawa vilishuka na udongo hadi kwa jirani. Mama alikuja mwenyewe na makapu nusu, hakumtuma kijana, akasimama mlangoni kwangu hataki kuingia. Alikuwa amejazia na malewa, machipukizi ya mianzi aliyoyakausha kwa moshi, ya akiba yake mwenyewe, kila kapu kifungu. Hakuna hata mmoja kati yetu 11 aliyedai hela, na siku ya Jumamosi watu 7 tulipanda na majembe tukamsaidia kuchimba mtaro wa kukinga maji juu ya shamba. Malewa nililoweka usiku kucha nikapika na magadi na karanga, nikampelekea bakuli.

Sasa nina swali, na nataka ulimuulize huyo mkulima wako, usinijibu kwa kubahatisha. Karoti zimeshika vizuri na mama anasema zitakuwa nyingi kuliko tunavyoweza kula, na Desemba huku jua litakausha kila kitu. Ulisema nyinyi mnazifukia kwenye mchanga. Mchanga wenyewe uwe mkavu au uwe na unyevu kidogo, na majani tunayakata kabisa au tunaacha kishina? Na kama nyumba haina baridi kama ya kwenu zinaweza kukaa muda gani? Tunaanza kung'oa zile nyingi Alhamisi, tafadhali nijibu kabla.

Wasalimie watoto,

Nalongo wako