Sheria ya ajira imkumbuke mzazi anayeuguza mtoto

Mhariri,

Mimi ni mkazi wa Mtongwe, Likoni, na nimeajiriwa kama karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Nina binti wa miaka mitatu na miezi minne ambaye, tangu aanze chekechea mwezi wa Januari, hajapitisha mwezi mzima bila kuugua. Akipona kifua, sikio linatoa usaha. Sikio likikauka, tumbo linamwendesha. Na tumbo likitulia, kifua kimerudi. Nakuandikia kwa sababu sheria inayosimamia ajira yetu imemkumbuka mfanyakazi anayeugua mwenyewe, ikamkumbuka mama anayejifungua na hata mume wake, lakini mzazi ambaye mtoto wake ameshikwa na homa saa nane za usiku, naye anatakiwa kazini saa mbili asubuhi, haikumtengea hata siku moja.

Nianze na usiku mmoja wa mwezi wa Mei, masika yakiwa yameshika. Niliamshwa na mlio wa kifua cha mtoto, ule mlio mwembamba unaosikika kila anapotoa pumzi. Mke wangu alimpakata, nami nikashika simu nikahesabu kama tulivyofundishwa na muuguzi wa zahanati: unainua fulana, unatazama tumbo likipanda na kushuka, unahesabu dakika nzima bila kukisia. Kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja na hajafika mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia ni za haraka mno, na inafaa apelekwe akaonwe. Nilihesabu 52. Nikarudia, nikapata 54. Tukatoa chupa yetu ya maji ya nusu lita, ambayo muuguzi huyo alituonyesha namna ya kuitoboa kitakoni ili kipumulio, kile kikopo cha dawa ya kifua ya kuvuta, kiingie barabara, na kuizungushia plasta hewa isivuje. Mke wangu alimshikisha mdomo wa chupa, akawa anambembeleza, "Vuta, mama. Vuta tena," na kila akivuta ile chupa ilikuwa ikifanya ukungu mweupe ndani kisha ikitakata. Alipovuta mara ya sita alilegea begani mwa mamake, lakini mbavu zilikuwa bado zinaingia ndani. Tulimfunika kwa leso mbili tukatoka. Saa kumi alfajiri tulikuwa kwenye mteremko wa feri, mvua ikinyesha, tukiitazama feri ikiwa upande wa pili.

Mtoto alitiwa kwenye oksijeni, akapata nafuu kabla jua halijachomoza vizuri. Saa mbili kasoro robo nilimpigia simu msimamizi wangu kumweleza niliko. Aliniuliza, "Kwani mama yake hayupo?" Nikamwambia yupo, tuko naye hapa. Akasema, "Basi wewe kazi yako hapo ni nini?"

Sikuandika kumlaumu. Naye ana mzigo wake, kwa kuwa kontena likishapitisha siku zake za bure bandarini mteja hutozwa kwa kila siku inayoongezeka, na hati nisiposhughulikia mimi huwa zimekaa mezani. Lakini swali lake limenikaa kifuani tangu siku hiyo. Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inasema kwamba kila mtoto ana haki ya kupata huduma za afya, na kwamba ana haki ya kutunzwa na wazazi wake, baba na mama wakiwa na wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Wajibu sawa ni maneno ya Katiba. Tumeyaandika katika sheria iliyo juu ya sheria zote, kisha katika sheria ya ajira hatukumwekea yeyote kati ya wazazi hao wawili muda wa kuutekeleza.

Hebu tuitazame sheria yenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 28, inatoa likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi. Kifungu cha 29 kinatoa miezi mitatu kwa mama aliyejifungua na majuma mawili kwa baba. Kifungu cha 30 kinampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini siku saba za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, mradi alete cheti cha daktari. Cheti hicho ni cha ugonjwa wa mfanyakazi mwenyewe. Baba akishamaliza majuma yake mawili, mtoto anaweza kuugua mara kumi kabla hajajua kuandika jina lake, na kwa upande wa sheria itakuwa kama hakuugua kabisa.

Wengine watasema kwamba mtoto anayeugua kila mara ana tatizo la pekee, na sheria haitungwi kwa ajili ya watu wachache. Hata mimi nilidhani hivyo. Jirani mmoja, mama mwenye heshima zake ambaye simvunjii, alituambia mtoto ana jicho la hasidi akatuelekeza kwa mwalimu anayeandika kombe, zile aya za Kurani zinazooshwa kwa maji mgonjwa akanywa. Mke wangu alianza kujilaumu kwa kumwachisha ziwa, kwa feni, kwa maji ya kisima, kwa kila alichokumbuka. Aliyetutua mzigo ni daktari aliyetukalisha akatueleza kwamba mtoto mdogo mwenye afya yake huweza kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na zaidi katika mwaka wake wa kwanza wa kuchanganyika na wenzake darasani, kwa kuwa mwili wake ndio kwanza unakutana na viini vya maradhi ambavyo sisi wakubwa tulikwisha kuvizoea. Hakutaka hata kuuita ugonjwa wa kifua chake pumu, akisema umri wake bado ni mdogo mno wa kuamua hilo, na kwamba watoto wengi wanaobanwa kifua kila wapatapo mafua huachana nacho wanapokua. Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu. Mafua mara nane, kila mara siku mbili tu za homa kali ambazo mtoto hapokelewi chekechea wala hafai kuachiwa mtu, ni siku 16, na hapo sijahesabu kuhara wala sikio. Haya ndiyo maisha ya kawaida ya nyumba yenye mtoto mdogo. Yanatabirika kama masika na vuli, na jambo linalotabirika hivyo ndilo linalostahili kuwekewa sheria.

Matokeo ya kutowekewa ni mawili, na yote nimeyapitia.

Mwezi wa Julai mke wangu alikuwa Msambweni akimuuguza mamake. Mtoto aliamka na homa na kikohozi, nami nilikuwa nimekwisha kuomba ruhusa mara mbili mwezi huo. Nilimwachia shemeji yangu, msichana wa miaka 17, nikaenda kazini. Alimpa dawa ya homa kama nilivyomwagiza, mtoto akalala, na kila nilipopiga simu niliambiwa amelala vizuri. Nilirudi saa moja jioni. Alikuwa hakulala, alikuwa amezidiwa. Nilipomwita alifumbua macho akayafumba, na tangu saa sita mchana alikuwa hajakubali kunywa hata maji. Mtoto asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, anayepata degedege au anayelegea hata kuamka kukawa shida, hangojewi hata saa moja, na mimi hayo nilikuwa nikiyajua. Shemeji hakuyajua, wala hakustahili kubebeshwa. Mhudumu aliyetupokea alimpima, akamtoboa mshipa wa mkono, akaniambia bila ukali wowote, "Baba, huyu angeletwa asubuhi." Alilazwa siku nne kwa nimonia. Ninamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba alirudi nyumbani.

Matokeo ya pili ni uongo. Mwezi wa Agosti aliposhikwa tena, sikusema mtoto ni mgonjwa. Nilisema mimi ndiye mwenye homa. Mara moja ruhusa ikapatikana, na msimamizi wangu, yuleyule wa mwezi wa Mei, akaniombea afueni kwa upole. Niliporudi kazini wenzangu waliniuliza nimeamkaje na ile homa, nikajibu "Alhamdulillahi, nimepona," na maneno hayo yalinitia aibu ambayo sijawahi kuipata mbele ya watu. Nimezungumza na wazazi wengine tangu hapo, kina mama wa viwanda vya nguo, mlinzi, mwalimu wa shule ya kibinafsi, na sikupata hata mmoja ambaye hajapata kujisingizia maradhi ya mwanawe. Mwajiri anadhani ana wafanyakazi wenye afya mbovu, na daktari anabembelezwa aandike cheti asichokiamini.

Jirani zetu wamelitazama jambo hili. Vuka mpaka wa Lungalunga uingie Tanga, na mfanyakazi wa huko, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, ana haki ya siku zisizopungua nne zenye malipo katika mzunguko wa likizo kwa ajili ya mtoto wake anayeugua au aliyefariki, na mwajiri anaruhusiwa kudai uthibitisho. Afrika Kusini inatoa siku tatu kila mwaka kwa majukumu ya familia, ugonjwa wa mtoto ukiwamo. Siku hizo ni chache, na mimi binafsi ningeomba zaidi. Hata hivyo siku nne zilizoandikwa katika sheria zingenitosha kusimama mbele ya msimamizi wangu mwezi wa Mei na kusema kweli.

Hofu ya waajiri naielewa: kila Jumatatu kutazuka mtoto mgonjwa. Jawabu liko katika mfuko wa kila mama wa Kenya, nalo ni kitabu cha kliniki. Tunapewa tangu ujauzito, ndani yake mna chanjo, uzani na kila ziara ya mtoto kwa tarehe. Kitabu cha binti yangu kimekunjika pembe na kimeandikwa hadi pambizoni. Mwajiri akitaka ushahidi, akubali ukurasa uliopigwa muhuri siku hiyo kama anavyokubali cheti cha mfanyakazi mwenyewe. Kwa maoni yangu ni vigumu zaidi kughushi mwaka mzima wa kitabu hicho kuliko kununua karatasi moja ya ruhusa.

Nakiri kwamba likizo ya kuuguza, kama ninavyopenda kuiita, haitamfikia kila mzazi. Mke wangu hukaanga mahamri na viazi vya karai asubuhi, na siku anayokaa na mtoto hospitalini unga uliokandwa huharibika na wateja huenda kwingine. Yeye hana msimamizi wa kumwomba ruhusa, na watu wanaliona hilo kuwa uhuru. Ndiyo sababu kila mtoto akiugua inasemekana mama akae, kana kwamba kazi yake si kazi. Lakini mimi nikiwa na siku zangu kisheria, naye asubuhi moja kati ya mbili angeweza kuwasha jiko lake.

Sizungumzii gharama za dawa. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, mwezi wa Oktoba 2024, hukata asilimia 2.75 ya mshahara wangu, na yako mengi ya kuulizwa kuhusu makato hayo, ila hapa ninaomba muda tu. Ninawaomba wabunge wetu wa Pwani wapeleke mswada wa kurekebisha kifungu cha 30, ili siku za likizo ya ugonjwa, au sehemu yake, ziweze kutumika kumuuguza mtoto aliye chini ya miaka mitano, na zitolewe kwa baba na mama sawasawa. Hata zile saba za nusu mshahara ningezipokea kwa mikono miwili. Wakati mswada ukisubiri, vyama vya wafanyakazi vinavyoketi na waajiri kuandika mikataba ya pamoja viliweke jambo hili mezani, kwa kuwa halihitaji Bunge kukubaliwa katika kiwanda kimoja au kampuni moja. Na kwa waajiri wadogo kama wangu, ambao hawana chama wala mkataba, ninaomba kitu chepesi zaidi: mzazi akipiga simu alfajiri, aulizwe kwanza mtoto anaendeleaje.

Leo, katikati ya Septemba, katika zile siku zangu 21 nimebakiwa na tano. Muhula wa tatu wa chekechea umeshaanza, na mvua za vuli zinakuja mwezi ujao.

Baba Mwanaisha,
Mtongwe, Mombasa.