Anakubalika kwa kipimo gani?

Mhariri,

Vyama vinapofika kwenye mchujo wa wagombea, mjadala humalizwa na kauli moja: "Huyu anakubalika." Ikishatamkwa, mwenye hoja za maji na barabara ananyamaza na jina lake linakatwa. Hatupingi chama kutafuta mtu wa kushinda. Tunadai kipimo, maana kukubalika kunapimika, na vipimo vyenyewe vilipaswa kuwa kwenye makabati ya ofisi za vyama wilayani.

Cha kwanza ni fomu za matokeo wanazopewa mawakala vituoni: 21A ya urais, 21B ya ubunge na 21C ya udiwani. Kura hizo tatu hupigwa siku moja, na watu wale wale, kituo kile kile. Zipangeni pamoja, kituo kwa kituo. Kama mgombea urais wa chama alipata kura 240 na mgombea ubunge 180, basi 60 hivi walikikubali chama wakamkataa mtu. Ikiwa kinyume chake, mtu ndiye aliyekibeba chama. Jumla ya jimbo zima haioneshi haya. Katika jimbo kama Kigoma Kusini, mtu anaweza kutamba Nguruka kwenye reli na kule Kalya, mwambao wa ziwa, wasimjue hata kwa sura. Ila fomu zikusanywe wiki ile ile ya uchaguzi. Wakala asiyelipwa posho hubaki na nakala nyumbani, na baada ya miezi mitatu haipatikani tena.

Cha pili ni kuwauliza wapigakura wenyewe. Chagueni vitongoji 40 kwa kura ya bahati, kila kimoja watu 10, nusu wanawake. Watu 400 wanatoa jibu lenye kosa la karibu asilimia 5 kila upande, na zaidi kidogo kwa sababu wamechukuliwa kwa makundi. Kwa hiyo 52 kwa 48 si ushindi wa mtu yeyote, na anayepeleka tofauti hiyo kikaoni kama hoja anapoteza muda wa wajumbe. Swali la kwanza liwe "Kati ya hawa unawajua akina nani?" La pili: "Yupi huwezi kumpa kura kabisa?" Mwisho ndipo muulize angempa nani. Mkianza na hilo la mwisho, mtatajiwa jina linalosikika redioni tu. Kwa kata za mwambao, nendeni wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa nchi kavu. Usiku wa giza wako ziwani, na mchana wake wamelala. Utafiti unaowakosa hao hauwezi kusema lolote kuhusu mwambao.

Kura za maoni za wajumbe wa vikao vya chama si mbadala wa kazi hii. Wajumbe ni wachache, wanajulikana kwa majina, na mwenye pikipiki na bahasha anawamaliza kwa siku mbili. Kinachoonekana hapo ni uwezo wa kuwafikia wajumbe. Tena asiye na fedha huambiwa hauziki, wafadhili wanamkimbia, kisha kukosa kwake wafadhili kunageuzwa ushahidi.

Takwimu nazo zisomwe vizuri. Mwaka 2015 UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani ikiwemo CHADEMA, walimpa nafasi Edward Lowassa aliyetoka CCM, na kwa kura za urais alipata takriban asilimia 40. Wengi huzilinganisha na asilimia 27 hivi za Dkt. Willibrod Slaa wa CHADEMA mwaka 2010 na kusema mtu aliongeza 13. Wanasahau kuwa mwaka 2010 Profesa Lipumba wa CUF alipata kama asilimia 8 peke yake, na mwaka 2015 CUF ilikuwa ndani ya UKAWA. Ongezeko linalobaki ni kama pointi 5, na hata hizo huwezi kuzihesabu zote kuwa za mtu mmoja. Kwa pointi hizo Dkt. Slaa aliondoka CHADEMA, na Machi 2019 Lowassa akarudi CCM.

Mkoa wetu umeshawaumbua wapiga ramli. Mwaka 2005 Zitto Kabwe alishinda Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya upinzani kabla hajafikisha miaka 30. Mwaka 2010 viti vyote vinne vya majimbo vya NCCR-Mageuzi vilitoka Kigoma, na kimojawapo, Kasulu Vijijini, kilichukuliwa na mwanamke, Agripina Buyogera. Mwaka 2015 Hasna Mwilima alitangazwa mshindi Kigoma Kusini dhidi ya David Kafulila, mbunge aliyevuma nchi nzima kwa sakata la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow. Tofauti ilikuwa ndogo na shauri likaenda mahakamani. Anayesema mwanamke au kijana hauziki huku kwetu atuoneshe ni vituo gani vilivyomwambia hivyo.

Mwaka 2020 baadhi ya walioongoza kura za maoni za CCM waliachwa na vikao vya juu. Chama chochote kinaweza kufanya hivyo kwa mujibu wa katiba yake. Tunachoomba ni kwamba, kabla jina halijakatwa kwa kigezo cha kukubalika, jedwali la vituo na majibu ya wale 400 viwekwe mezani kwenye kikao cha wilaya, na kila aliyechukua fomu apewe nakala na siku tatu za kulijibu.

Wasomaji wako,
Uvinza, Kigoma