Shangazi, kabla hujamjibu dalali wa Kimbiji

Shikamoo shangazi.

Jumapili sikukukatia simu. Mvua ya huku ikishuka juu ya bati hakuna anayemsikia mwenzake, na mtandao nao ukaona bora ulale. Lakini kiini cha habari nilikipata: dalali amerudi mara ya tatu, safari hii kaja na "mtu wake" mwenye miwani ya jua. Wamelipima shamba kwa hatua, wamesifia upepo, wametaja bei iliyokukosesha usingizi. Ukaniuliza, "Na wewe uliyeko pwani ya wazungu, unasemaje?"

Naandika hapa hadharani kwa sababu mbili. Ujumbe wa sauti wa dakika ishirini huusikilizi, nakujua. Na sidhani kama ni wewe peke yako unayepigiwa simu hizo, kuanzia Kigamboni mpaka Kilwa. Mjukuu wako atakusomea.

Kwanza, hii si pwani ya wazungu. Kazi iliyonipeleka Costa Rica iliishia San José, mji mkuu, nikabakiwa na wiki mbili. Nikapanda basi kushuka upande wa Bahari ya Karibi, zaidi ya saa nne, milima, ukungu, kisha migomba ya makampuni isiyo na mwisho. Nikateremka Puerto Viejo, mkoa wa Limón, karibu na mpaka wa Panama. Mtu wa kwanza kunisalimia alikuwa mzee mweusi juu ya baiskeli, kofia kichwani, mkungu wa ndizi nyuma. Akasema kitu nilichosikia kama "Wapin?" Mimi nikajibu kwa bidii kabisa nilikotoka na ninakokwenda. Akacheka mpaka akashuka kwenye baiskeli. Kumbe ndiyo "mambo vipi" yao, Kiingereza chao cha Jamaika kilichokaa huku miaka mia na hamsini kikapindapinda mpaka kikawa lugha yao wenyewe. Wanaiita Mekatelyu, maana yake kama "hebu nikwambie".

Wewe ungepapenda na ungepachukia siku hiyohiyo. Minazi mpaka kwenye mchanga. Upande mmoja mchanga mweusi kama majivu ya jiko, upande wa pili wa rangi ya ufuta. Barabara moja inafuata bahari kilomita kama kumi na tatu mpaka kijiji cha Manzanillo, tambarare, na kila mtu yuko kwenye baiskeli, pamoja na wazungu waliobeba mbao zao za kuteleza kwenye mawimbi kama mafundi wanaorudisha mlango. Juu ya miti kuna mnyama mwenye kucha tatu anayening'inia mgongo chini. Akianza kuvuka waya wa umeme, utamaliza chai yako yeye bado yuko nusu ya njia. Na kila kona mtu anakuuzia kitu. Papasi ni papasi tu, shangazi, hata wakisema Kihispania.

Kilichouleta ulimwengu hapa ni wimbi. Linaitwa Salsa Brava, mchuzi mkali, na jina limestahili. Liko mbele ya mji kabisa, unaliona ukiwa umekaa na soda yako. Maji yanatoka kwenye kina kirefu bila kukutana na kitu, halafu ghafla yanakwaa mwamba wa matumbawe. Hapo bahari inasimama wima kama ukuta, inajikunja na kupasuka juu ya mwamba wenye meno, maji yakiwa kiunoni au chini yake. Kati ya Desemba na Machi ndiyo linakuwa na hasira zaidi. Nilimwona kijana akitoka na ubao wake vipande viwili, mgongo umechorwachorwa kama mtu aliyepitishwa kwenye mbuzi ya nazi, anacheka. Gilbert Brown, aliyewahi kuwa bingwa wa Costa Rica katika mchezo huo, ni mtoto wa hapahapa.

Mimi sikuthubutu. Nilikwenda Cocles, kama kilomita mbili mbele, nikajitosa nikijiambia mimi ni mtoto wa pwani. Mkondo ukanishika miguu ukanivuta nje kama mtu anayevuta shuka. Filimbi ikapulizwa. Mwokoaji ananionyesha kwa mkono: usipigane nao, ogelea kufuata ufuo! Nilipotoka nilikuta bendera nyekundu imesimama mita chache tu kutoka nilipovua shati. Usimwambie baba.

Sasa turudi kwa dalali. Nilipokuja nilidhani habari ya hapa itakuwa ileile: wageni wameona ufuo mzuri, wakaja na pesa, wenyeji wakauza. Mzee wa baiskeli ndiye aliyenirekebisha. Wageni walikuja mwishoni. Kwanza ulikufa mti.

Watu wa mzee huyo hawakuletwa na kampuni za ndizi. Wa mwanzo walikuwa wavuvi wa kasa kutoka upande wa Panama. William Smith alipiga kambi Cahuita, mji jirani, mwaka 1828. Kuanzia 1872 wakaja Wajamaika kujenga reli ya kutoka Limón kwenda mlimani. Reli ilikamilika 1890, na migomba iliyopandwa kandokando yake ikazaa utajiri wa wengine. Waliotaka kuwa huru walishuka kusini wakafuata ufuo, wakapanda minazi, baadaye kakao. Wakapaita mahali kwa lugha yao. Hapa palikuwa Old Harbour, Bandari ya Zamani. Serikali ikaja ikatafsiri tu, pakawa Puerto Viejo. Grape Point pakawa Punta Uva. Wenyewe hawakuulizwa, kwa sababu wengi wao hawakuhesabiwa kuwa raia mpaka 1949. Mwaka 1934 ilitungwa hata sheria ya kuzuia watu weusi wasiajiriwe kwenye mashamba ya ndizi ya upande wa Pasifiki. Hilo nakupitishia haraka. Ukilikalia utapandwa na presha.

Kakao ndiyo iliyosomesha watoto. Mzee alinipasulia tunda moja kwa panga. Ndani mbegu zimejipanga zimefunikwa nyama nyeupe, unazifyonza, utamu wake kama stafeli iliyokutana na ndimu. Halafu akaokota lingine chini. Kwa nje limevaa unga mweupe kama andazi lililomwagiwa sukari ya unga. Kwa ndani, tope la kahawia. Ni ukungu, unaitwa monilia. Uliingia mwishoni mwa miaka ya 1970, na ndani ya misimu michache mavuno ya wilaya nzima ya hapa, Talamanca, yakawa si mavuno tena. Shamba lililokuwa likilisha nyumba kizazi baada ya kizazi likawa pori lenye kivuli kizuri. Mtu akaenda Limón kutafuta kazi ya bandarini, mwingine akapanda meli. Na wakati huohuo barabara ikaanza kufika, kisha umeme, na vijana wenye mbao wakafuata wimbi. Bei waliyotaja ilionekana kubwa kwa mtu anayetazama mti uliokufa.

Shangazi, minazi yako mingapi imekatika vichwa? Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunahesabu minazi kwa majina ya watoto. Nilipokuja mara ya mwisho niliona nguzo tupu zimesimama kuanzia kisimani mpaka baharini. Ule ugonjwa wa kunyong'onyea hauna dawa ya kupuliza, hilo tunalijua wote. Dalali naye analijua. Amekuja mwaka huu, hakuja mwaka ule tulipokuwa tunapakia nazi kwenye fuso.

Kuna jambo la sheria pia, na hapa ndipo nilipokosa usingizi mimi. Mwaka 1977 Costa Rica ilitunga sheria mbili, moja mwezi Machi na nyingine Novemba. Ya Machi inahusu ukanda wa bahari. Mita 200 kutoka maji yanapofika yakijaa ni mali ya umma. Mita 50 za kwanza ni za kila mtu, hakuna kujenga. 150 zinazofuata mtu hupewa kwa kibali cha manispaa. Ukiisoma, ni sheria nzuri kabisa, inazuia tajiri asiweke ukuta mpaka kwenye maji. Lakini watu wa Manzanillo na Puerto Viejo walikuwa wamejenga pale miaka mingi kabla ya karatasi hiyo, kwa sababu mvuvi hujenga karibu na mtumbwi wake. Wakaamka wavamizi mbele ya makaburi ya babu zao. Miaka kadhaa baadaye zikatoka amri za kubomoa, watu wakapiga kelele, na mwaka 2014 bunge likapitisha sheria ya kuwatambua wakazi wa pwani hii. Mzee anasema kutambuliwa kupo, lakini karatasi mkononi ni habari nyingine.

Ya Novemba inahusu wenyeji wa asili. Nyuma ya mji, ukipanda kuelekea milimani, wanaishi Wabribri. Ardhi yao ni ya jamii nzima na haiuziki kwa mtu wa nje, basi. Wanasumbuliwa na wavamizi, hilo lipo. Lakini nilipokwenda kule na basi la kijiji nilikuta mashamba ya kakao chini ya miti mikubwa, wanawake wanakaanga mbegu, wanazisaga juu ya jiwe. Kwao ukoo unafuata mama, na kinywaji cha kakao cha sherehe hutengenezwa na wanawake tu. Hakuna aliyekuja na miwani ya jua kupima kwa hatua. Angepima nini?

Kwa hiyo kabla ya bei, muulize dalali: mpaka wa shamba anauhesabu kutoka wapi? Kwetu Tanzania nako sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Kama nusu ya hatua alizopiga zimo humo, yeye ananunua nini hasa, na wewe utakuwa umeuza nini? Na "mtu wake" ni raia? Mgeni kwetu hanunui ardhi hivihivi, hupitia utaratibu wa uwekezaji. Ukisikia "tutaandika kwa jina la kijana wetu", funga mlango kwa adabu.

Sisemi wageni ni balaa. Cahuita mwaka 1994 serikali ilipandisha kiingilio cha hifadhi ya taifa iliyo mlangoni mwa mji, watu wakaona wageni watakimbia na wao watakufa njaa. Wakaiteka hifadhi. Kweli kabisa, wakakaa mlangoni wenyewe. Mwisho wake serikali ikakubali kuiendesha pamoja nao, na kwa miaka mingi mgeni akiingia kwa lango la kijijini alitoa alichojaliwa. Wale ni watu wanaoishi kwa utalii kuliko sisi, lakini lango wamelishika wao.

Na hukohuko Cahuita aliishi mzee Walter Ferguson, mwimbaji wa kalipso, aliyefariki 2023 akiwa na miaka 103. Alikuwa anarekodi nyumbani na gitaa lake, kaseti moja moja, anamuuzia mtalii, haweki nakala. Nyimbo zikaondoka kwenye mabegi kwenda Ulaya na Marekani. Baadaye watu wakaanza kuzisaka kaseti hizo dunia nzima ili zirudi. Nilimkumbuka marehemu babu, aliyeuza kile kipande cha kule mikokoni kwa bei ya baiskeli.

Sasa la jikoni, maana najua ndilo unalolisubiri. Mama niliyepanga chumba kwake hupika wali na maharage Jumapili, wote sufuria moja, kwa tui. Ni mseto wetu, tofauti tu maharage yanakaa mahali pa choroko. Anachemsha maharage kwanza, anamimina tui, anatupia majani fulani madogo yenye harufu, na juu kabisa anaweka pilipili mbuzi nzima. Ole wako uiguse na mwiko! Ikipasuka nyumba nzima inalia. Mchuzi wao wa samaki una muhogo, ndizi mbichi na shelisheli ndani ya tui. Nilikula nikanyamaza. Akaniuliza kama kuna tatizo, nikamwambia hapana, nimefika kwa shangazi yangu.

Ila nazi anaikuna amesimama, kwenye kibati chenye matundu, vidole vimejaa makovu. Nikamweleza kwamba kwetu mtu hukaa juu ya kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, na kinaitwa mbuzi. Nikamfafanulia mbuzi ni mnyama gani. Hakuamini. Aliita jirani wawili waje wasikie.

Nafika mwezi ujao. Usisaini chochote, hata karatasi ya "kuonyesha nia tu". Na huyu mama ananidai picha. Mwambie mjukuu wako akupige picha ukiwa umeikalia ile mbuzi ya zamani, yenye meno mawili yaliyovunjika, halafu anitumie leo kabla mvua haijaanza tena.