Majani ya msitu mkavu yasiondolewe kabla ya mvua

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie majani makavu yanayotanda chini ya miti katika misitu mikavu kila kiangazi kinapokolea. Wengi huyaita takataka, na kwa sababu hiyo hufagiwa, hujazwa magunia na kupelekwa kwingine, au huchomwa ili msitu uonekane safi. Hoja yangu ni kwamba anayeyaondoa wiki chache kabla ya mvua anaipokonya miti sehemu kubwa ya chakula chake cha msimu unaofuata.

Mti haupukutishi jani ovyo. Kabla ya kuliacha lianguke, huvuta takriban nusu ya nitrojeni na fosforasi iliyomo na kuirudisha katika matawi na shina, kisha nusu iliyosalia hushuka chini pamoja na jani. Tatizo ni kwamba katika misitu hii majani huanguka wakati ambapo maji hayapo, na kuvu na bakteria wanaoozesha hawawezi kufanya kazi pasipo maji. Mpita njia huyaona yamelala vilevile mwezi baada ya mwezi, akadhani hayana faida kwa yeyote.

Hata hivyo, yapo yanayoendelea katika ukavu huo. Utafiti uliofanyika katika nyika kame ya Patagonia, nchini Ajentina, na kuchapishwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa mwanga wa jua wenyewe huvunjavunja majani kwa kiasi kikubwa. Mchwa nao hawangoji mvua: hukatakata majani usiku, huyaingiza kichuguuni na, kwa baadhi ya jamii zao, huyatumia kulisha bustani za kuvu wanazozilima humo, ndiyo maana udongo wa kichuguu mara nyingi huwa na rutuba kuliko ule unaouzunguka.

Kazi kubwa, lakini, huanza mvua ya kwanza inapogusa ardhi. Mwanasayansi H. F. Birch, aliyekuwa akifanya kazi Muguga, nchini Kenya, alieleza mwaka 1958 jinsi udongo uliokauka unavyotoa kwa ghafla hewa ya kaboni dioksidi na nitrojeni inayofaa kwa mimea mara tu unapolowana, na hadi leo wataalamu duniani kote huliita jambo hilo kwa jina lake. Ukame huua vijidudu vingi na kuacha vitu vinavyooza kwa urahisi. Maji yakifika, vijidudu vilivyosalia huvila kwa pupa, na rutuba iliyofungika kiangazi kizima huachiliwa kwa siku chache.

Nimewahi kushiriki katika kazi ya kupima uozaji kwa mifuko ya wavu, ambayo hujazwa majani yaliyokaushwa na kupimwa uzito, hutandazwa msituni, kisha huokotwa mmoja mmoja na kupimwa tena. Ule nilioufuata wiki tatu baada ya mvua ya kwanza ulikataa kuinuka. Nyuzi nyeupe za kuvu zilikuwa zimeushikanisha na ardhi, na vijizizi vyembamba vilikuwa vimepenya matundu ya wavu na kulishika jani ambalo tayari lilikuwa limebaki mishipa mitupu. Ilinibidi kuikata mizizi hiyo kwa mkasi, na nakiri kwamba nilijihisi mwizi.

Virutubisho havitoki vyote kwa pamoja. Potasiamu huoshwa na maji karibu mara moja, ilhali kalsiamu, iliyojengwa ndani ya kuta za seli, huchelewa sana. Nitrojeni ina masharti yake, kwani jani lenye kaboni nyingi mno kulinganisha na nitrojeni huwafanya vijidudu waishikilie kwanza wao wenyewe, pengine hata kuongeza kutoka udongoni, kabla mti haujapata chochote.

Watetezi wa moto husema majivu ni mbolea. Ni kweli kwa sehemu, lakini nitrojeni huanza kupotea hewani joto linapopita nyuzi 200 za Selsiasi, na majivu yaliyobaki juu ya ardhi tupu hupeperushwa na upepo au huchukuliwa na mvua ya kwanza yenye nguvu, ile ile ambayo ingeyaozesha majani papo hapo yalipo.

Sipingi mikanda ya kuzuia moto, kwa sababu majani makavu ni kuni na moto wa mwisho wa kiangazi hauna huruma. Ninachoomba kwa wasimamizi wa misitu ni kwamba majani yanayofagiwa kwenye mikanda hiyo na kwenye njia yatawanywe ndani ya msitu, mbali na ukingo, badala ya kurundikwa na kutiwa kiberiti, na kwamba vibali vya kuyachukua kwa magunia visitolewe katika wiki za kuelekea mvua.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi